Nyumba kwa nyumba, mwalo kwa mwalo: daftari la kampeni ya polio Rukwa

Jumatatu, 18 Septemba 2023. Mbeya hadi Sumbawanga

Tumetoka Mbeya alfajiri. Tunduma foleni ya malori ya Zambia na Kongo ilianza kabla hatujauona mji, dereva akapenya pembeni taratibu mpaka tukaipata njia ya Sumbawanga. Baada ya hapo ni lami na nyanda za Ufipa: mashamba yameshavunwa, majani yamechomwa, vumbi la Septemba limetanda kila upande.

Alhamisi hii inaanza kampeni ya chanjo ya polio katika mikoa 6: Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Songwe na Mbeya. Walengwa ni watoto wote walio chini ya miaka 8, zaidi ya milioni 3. Chanzo ni hapa Rukwa, ambako mwaka huu kirusi cha polio aina ya 2 kimethibitishwa kwa mtoto. Polio ya kirusi cha asili ilionekana nchini kwa mara ya mwisho Julai 1996, na mwaka 2015 tukathibitishwa kuwa tumeondokana nayo. Muda huo ni mrefu. Wauguzi wengi walioko kazini leo hawajawahi kumshika mkono mgonjwa wa polio, wameisoma tu chuoni.

Mimi nimepangiwa wilaya ya Kalambo, upande wa ziwa. Nitakagua orodha za kaya, ubaridi wa chanjo na alama za vidole, na nitafuatilia taarifa zozote za watoto waliolegea viungo ghafla.

Jumanne, 19 Septemba. Sumbawanga

Siku nzima kikaoni. Wapo wa mkoa, wa wilaya, wa Wizara, wa Shirika la Afya Duniani, wa UNICEF. Yupo pia kaka mmoja Mkenya niliyefurahi sana kumkuta, maana aliwahi kupelekwa Sudan Kusini kupitia mpango wa STOP.

Huo mpango wa STOP naueleza kidogo, kwa sababu watu huuliza Wamarekani wanahusikaje na matone mawili anayopewa mtoto wa Kasanga kule ziwani. Mwaka 1988 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliamua polio itokomezwe. Wakati huo ilikuwa ikipoozesha watoto wapatao 350,000 kwa mwaka, katika nchi zaidi ya 125. Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa vya Marekani, CDC, viliingia katika ushirika huo tangu mwanzo, pamoja na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Rotary. Taasisi ya Gates na Gavi, ule muungano wa chanjo duniani, walikuja baadaye. CDC ni idara ya serikali ya nchi nyingine. Haina mamlaka ya kumchanja mtoto hata mmoja hapa. Ilibidi ijipange kwa namna ambayo kazi inafanyika na wenye nchi, yenyewe ikibeba yale ambayo nchi nyingi hazikuwa nayo: maabara za kusoma vinasaba vya kirusi, fedha zinazopitia kwa washirika, na watu.

Hao watu ndio STOP. Mpango ulianzishwa mwaka 1998 na timu ya kwanza ikatoka Januari 1999. Wataalamu wa afya kutoka nchi mbalimbali wanafundishwa, kisha wanapelekwa wilayani kwa miezi kadhaa kufanya kazi chini ya viongozi wa hukohuko. Wamefika nchi zaidi ya 70. Nigeria ilipokuwa imebanwa sana, mwaka 2012 kikaundwa kikosi cha Wanigeria wenyewe kwa mtindo huohuo, na tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ikathibitishwa kuwa imeondokana na polio ya asili. Kwa maoni yangu hilo la kuwakabidhi wazawa kazi lilisaidia kuliko fedha zote.

Tarehe 2 Desemba 2011 CDC ilikiwasha kituo chake cha dharura kule Atlanta kwa ajili ya polio, wakati wagonjwa walikuwa wameshapungua sana duniani. Mtu anaweza kushangaa dharura gani hiyo. Wanaobaki mwisho ni wale ambao kila mpango uliopita umewakosa, na kila mwaka wakiendelea kukoswa kirusi kinapata njia ya kurudi kwa wengine.

Nilimwuliza yule kaka alijifunza nini Sudan Kusini. Akasema wiki ya kwanza usichanje, usikague, tafuta orodha ya vijiji kwa watu watatu wasiokaa ofisi moja: mganga, mtawala, na mtu anayesafirisha bidhaa. Ziweke pamoja mezani. Kijiji kilichomo kwenye orodha ya msafirishaji peke yake, anzia hapo.

Mchana tumezungumzia chupa, na tumezungumza kwa kirefu. Chanjo ya safari hii ni mpya, inaitwa nOPV2, inatengenezwa na Bio Farma kule Bandung, Indonesia. Ndani yake kuna kirusi hai cha aina ya 2 kilichodhoofishwa. Aina ya 2 ya asili ilishatokomezwa, ikatangazwa mwaka 2015, na Aprili 2016 dunia nzima ikaiondoa aina hiyo katika matone ya kliniki. Sababu ni kwamba kirusi cha chanjo ya zamani, mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, kinaweza kuhama kutoka mtoto hadi mtoto, kikabadilika kidogokidogo mpaka kikapata tena nguvu ya kupoozesha. Kirusi cha Rukwa ni cha namna hiyo. Chanjo mpya imerekebishwa ili isigeuke kirahisi hivyo. Lakini watoto waliozaliwa tangu ule mwaka wa 2016 hawajawahi kupata matone ya aina ya 2, ndiyo maana safari hii tunachanja hadi chini ya miaka 8 badala ya miaka 5 iliyozoeleka.

Na kwa kuwa ndani yake kuna kirusi hai, hakuna chupa itakayobaki kwenye friji ya zahanati baada ya kampeni. Iliyotumika, isiyotumika, iliyovunjika, zote zinahesabiwa kila jioni na kurudishwa. Mhudumu mmoja wa zahanati aliuliza kwa nini arudishe chupa tupu. Akaelezwa hivi nilivyoeleza, akaandika kwenye daftari lake na kupigia mstari.

Jumatano, 20 Septemba. Matai hadi Kasanga

Sumbawanga iko juu, kama mita 1,800, na asubuhi unavaa sweta. Ziwa Tanganyika liko chini ya mita 800. Ukishapita Matai barabara inaanza kuteremka na joto linapanda kila kona, na kwa sisi wa chanjo hilo ni jambo la kuhesabu: barafu inayodumu siku nzima Sumbawanga haitadumu hivyo Kasanga. Tumekubaliana kila timu ya ziwani ibadilishiwe barafu saa saba mchana.

Kila chupa ina kiashiria, duara lenye mraba mdogo katikati. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Joto likiisumbua mraba unageuka kuwa mweusi taratibu, ukishalingana rangi na duara hiyo chupa haipewi mtoto. Nimekaa na wachanjaji wapya chini ya mwembe tukilifanyia mazoezi hilo peke yake, kwa sababu mengine yote yakienda sawa na hili likakosewa, mtoto atakuwa ameandikwa amechanjwa na hajachanjwa.

Usiku, upepo wa ziwa ukivuma, tulizungumza habari za ndui. CDC hiyohiyo, kuanzia mwaka 1966, ilisimamia kampeni ya ndui na surua katika nchi 20 za Afrika Magharibi na Kati. Mpango ulikuwa kuchanja watu wote. Desemba mwaka huo, mashariki mwa Nigeria, daktari William Foege alikuwa na chanjo isiyotosha. Akatumia redio za wamisionari usiku, kila mmoja akaombwa atume watu vijijini kuuliza nani ana vipele. Kisha akachanja pale tu penye wagonjwa na pale ambapo ugonjwa ungeelekea. Njia hiyo ndiyo iliyokwenda kuumaliza ndui. Mgonjwa wa mwisho wa kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, Oktoba 1977. Baada ya kupona, miaka mingi baadaye akawa mhamasishaji wa chanjo ya polio, akiwaambia wazazi yaliyompata. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria akiwa kwenye kazi hiyo. Mtu huyu namheshimu kuliko wengi walioandikwa vitabuni.

Mchanjaji mmoja kijana akauliza kwa nini basi polio tusiifanye kama ndui, tukawafuata wagonjwa tu. Ndui ilimwandika mtu usoni. Polio ya asili ya aina ya 1 hupoozesha takriban mtoto 1 kati ya 200 wanaoambukizwa, na aina ya 2 hupoozesha wachache zaidi. Ukimwona mmoja, kirusi kimeshapita kwa mamia wanaocheza bila dalili yoyote. Hapo huwezi kuzunguka nyumba moja ukasema umefunga njia.

Alhamisi, 21 Septemba. Kasanga

Tumeanza saa moja asubuhi. Timu zinatembea kwa mguu, mchanjaji na mwandishi, pamoja na mwongozaji wa kitongoji anayejua nani anaishi wapi. Watoto wanakimbia nyuma wakidhani kibebeo cha chanjo ni deli la barafu.

Nyumba ya kwanza niliyokagua alikuwepo bibi na wajukuu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Huyu kadi yake hii hapa, alimaliza zote kliniki. Kwa nini tena?"

Mchanjaji, dada mmoja mwenye subira sana, alikaa kwanza kwenye kigoda. Akamwambia bibi kwamba kliniki mtoto alipata matone ya aina nyingine, na ile sindano ya polio inamkinga asipooze, ila kirusi bado kinaweza kukaa tumboni mwake akampelekea mwenzake. Matone ya leo yanakiziba hukohuko tumboni. Bibi akatulia. Akasema utotoni walikuwa na mwenzao aliyekuwa akija shuleni kwa kutambaa, magoti yameota sugu, na mama yake alikuwa akimbeba mgongoni wakati wa mvua. Kisha akawaita wajukuu wengine waliokuwa nyuma ya nyumba.

Mdogo alilia. Dada akamshika mashavu kwa vidole viwili, mdomo ukafunguka, tone la kwanza, tone la pili, akasubiri mpaka ameze. Ndipo akachukua kidole kidogo cha mkono wa kushoto na kukipaka wino, kuanzia kwenye ngozi hadi juu ya kucha, pale ambapo sabuni na mchanga wa ziwa haviutoi upesi. Mwandishi akajaza fomu, akaandika kwa chaki mlangoni. Hawakuondoka kabla ya kuuliza swali ambalo wengi hulisahau: kuna mtoto aliyelala hapa jana ambaye sasa hayupo? Alikuwepo. Amekwenda na shangazi yake mwaloni.

Ijumaa, 22 Septemba. Ziwani

Leo nimemfuata yule mtoto wa mwaloni, kwa maana ya kwamba nimeomba boti.

Kambi za uvuvi hazina mwenyekiti wa kitongoji. Zinaota mahali penye ufukwe mzuri, zinahama samaki wakihama. Kwenye orodha ya kaya hazimo, kwa sababu wenye kambi wameshaandikwa huko walikotoka, au hawajaandikwa popote. Mwenye boti ni mzee mnunuzi wa dagaa. Nilimwomba ataje kila kambi anayonunua, naye akazitaja moja moja akielekeza kwa kidole kando ya ufuko, na mimi nikaandika. Ushauri wa yule kaka Mkenya ukawa umetimia kwa msafirishaji mmoja.

Kambi ya pili tuliyoshuka ilikuwa na vichanja virefu vya dagaa, wanawake wakigeuza, watoto wamejaa kivulini mwa mitumbwi iliyopinduliwa. Vidole vya watoto vilikuwa havina alama. Wapo waliotoka Kirando, Kigoma, Mpulungu upande wa Zambia, na ng'ambo Kongo. Mama mmoja alisema, "Mutoto yangu walishamupa chanjo kule Moba, lakini ni siku mingi." Akamleta mwenyewe.

Nilikaa na wavuvi kwa muda maana walinifundisha jambo. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi gizani. Leo mwezi ni nusu, unazama karibu na usiku wa manane, hivyo maboti yanatoka baada ya hapo. Wiki ijayo mwezi ukiwa mpevu hakuna uvuvi, familia zinapanda vijijini kupumzika na kuuza. Giza likirudi wanateremka tena. Basi idadi ya watoto wa mwaloni inakwenda na mwezi. Tarehe ya kampeni imepangwa kwa mikoa 6 kwa pamoja na haiwezi kuhama kwa ajili ya ufuko mmoja, lakini timu inaweza kupangwa kwa kujua wiki hii watoto wako upande gani. Ukiwa mwezi mpevu nguvu iwe vijijini. Ukiwa gizani boti ziwe nyingi. Ramani nilizopewa ni nzuri, nyingine zimetokana na picha za setilaiti, na paa za nyasi za kambi zinaonekana. Lini kuna watu chini ya paa hizo, hilo setilaiti haisemi.

Tumechanja hadi chupa zilipoisha, tukarudi Kasanga kuchukua nyingine, tukaenda tena kambi mbili za mbele. Jioni timu ya mwaloni ilikuwa imechoka kabisa na hakuna aliyelalamika.

Jumamosi, 23 Septemba

Saa mbili asubuhi mhudumu wa afya ngazi ya jamii amepiga simu: kuna mtoto mguu umelegea, tepwetepwe, ulianza na homa. Nimeiacha kampeni kwa wengine nikaenda.

Sitaandika kijiji wala lolote la kumtambulisha. Mguu ulikuwa laini kweli, ukiuinua unaanguka. Baba yake aliuliza, "Daktari, ni ile polio?" Nikamwambia hatujui, na kwamba wengi wa watoto wanaolegea namna hii huwa wana tatizo jingine, ila tunamchunguza kila mmoja. Hiyo ndiyo kweli. Mfumo wa ufuatiliaji unatakiwa upate kwa mwaka angalau mtoto 1 mwenye ulegevu usio wa polio kwa kila watoto 100,000 walio chini ya miaka 15. Wilaya isiyoripoti yeyote inatia wasiwasi zaidi kuliko inayoripoti.

Zinahitajika sampuli mbili za choo, zikipishana saa 24, ndani ya siku 14 tangu mguu ulegee. Ya kwanza imepatikana leo. Kesho ya pili. Zitakaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, zipande Sumbawanga, ziende Dar es Salaam, kisha maabara ya Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, Entebbe, inayopima sampuli zetu. Kirusi kikionekana, vinasaba vyake vinasomwa na kulinganishwa na vile vilivyohifadhiwa kwenye mtandao wa maabara za dunia, ambamo maabara ya CDC Atlanta ni mojawapo ya zile kuu. Vinasaba vya polio hubadilika kwa takriban asilimia 1 kwa mwaka, kwa hiyo wanaosoma wanaweza kusema kirusi kimezunguka muda gani bila kuonekana, na ndugu zake wako wapi. Februari 2022, mtoto wa Lilongwe alipothibitishwa kuwa na polio ya asili, maabara ya Afrika Kusini na ile ya Atlanta ndizo zilizoonyesha kwamba kirusi kilikuwa na uhusiano na kile cha jimbo la Sindh, Pakistan. Kampeni za Malawi, Msumbiji, Zambia na za kwetu nyanda za juu kusini zilipangwa kutokana na jibu hilo.

Na jibu lote hilo linategemea kwamba mama amepewa kikopo safi, ameelezwa vizuri, na barafu haijayeyuka njiani. Nilikijaza kibandiko mwenyewe, nikakisoma kwa sauti pamoja na mhudumu: tarehe ya kuanza kulegea, tarehe ya sampuli, jina. Kibandiko kisichosomeka kikifika Entebbe hakuna utaalamu utakaokiokoa.

Jumapili, 24 Septemba

Sampuli ya pili imepatikana alfajiri, imeondoka na pikipiki.

Ufipa ni nchi ya Wakatoliki wengi, na padre alikubali timu isimame getini baada ya misa. Baba mmoja alikataa. Alisikia kwamba chanjo hii ni ya majaribio. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa karibu lakini nilimwomba asimlazimishe. Tukakaa naye kwenye ukuta wa kanisa, tukamwambia ilivyo: ni mpya, imeruhusiwa na Shirika la Afya Duniani kwa matumizi ya dharura tangu Novemba 2020, imeshatolewa kwa mamilioni ya watoto, na ikitokea lolote apige namba hii. Hakukubali hapo. Alasiri alikuja mke wake na watoto, akasema ametumwa na mumewe.

Jumanne, 26 Septemba. Matai

Upimaji wa baada ya kampeni. Wapimaji wasiohusika na timu wanachagua watoto 60 kwa bahati nasibu katika eneo na kutazama kidole kidogo cha kushoto. Wakikosa alama watoto 3 au chini ya hapo, eneo limepita kiwango cha juu cha asilimia 90. Wakizidi, halijapita, na timu inarudi. Kata moja haikupita. Hakuna aliyetafutiwa lawama, kilichoulizwa ni vitongoji gani na watoto hao walikuwa wapi. Wengi walikuwa shambani bondeni na wazazi wao. Timu zimerudi leo hiihii kwa baiskeli.

Jioni tumekaa na mratibu wa chanjo kupanga awamu ya pili. Kambi alizotaja mzee wa dagaa zimeingia kwenye orodha rasmi, kila moja na jina la mtu wa kumpigia simu. Mafuta ya boti yamewekwa kuanzia siku ya kwanza, na pembeni ya kila tarehe tumeandika hali ya mwezi. Mzee mwenyewe amekubali kuwa mwongozaji. Nimemwomba mratibu jambo moja la ziada: yule mtoto apimwe tena mguu siku ya 60 tangu ulipolegea, majibu ya Entebbe yawe yamekuja au la. Itaangukia Novemba. Jina la atakayekwenda limeshaandikwa, na baba wa mtoto ameachiwa namba yake.